Boga Lililovaa Hedifoni

Juzi mjukuu wangu Adela alikuja hapa Kagondo na hedifoni zake shingoni, uso umekunjamana. Zinambana, anasema. Zinamchoma masikio, ngozi yake inabanduka na kumwachia ungaunga mweusi mashavuni, na besi hakuna kabisa. Anataka anunuliwe nyingine. Nikamwambia, "Lete hapa, na mkasi."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi, hizi ni za bluutuuthi!"

"Bluutuuthi ni yako," nikamwambia, "sikio ni lile lile la babu yako. Lete."

Alasiri hiyo hiyo aliondoka hapa akitikisa kichwa kwa muziki, hata kuaga akasahau. Kwa hiyo nawaandikia ninyi nyote, vijana wa hedifoni, mnaopita mlangoni kwangu mkisalimiwa hamsikii. Mnadhani kazi hii ilizaliwa na simu zenu. Mimi niliifanya mjini Bukoba uhuru ukiwa bado mbichi, nikaendelea miaka ya ujamaa na baada yake, na katika vichwa vyote nilivyowahi kuvishonea, kilichonitoa jasho kilikuwa cha baba mkwe wangu. Hakikuwa kikubwa wala hakikuwa na pembe. Ila sikuruhusiwa kukigusa.

Nitafika huko. Msiniharakishe.

Mimi sikuanza kama fundi. Nilianza kwa kuzishonea redio nguo. Msicheke. Wakati ule mtu akiuza kahawa yake akanunua redio, haikai uchi mezani kama sufuria. Ilivishwa kitambaa cha kudarizi, na ile ndogo ya kubeba begani ilishonewa koti la ngozi lenye matundu mbele ili sauti itoke. Masista walikuwa wamenifundisha kushona, na Fundi Shabani mwenye duka la kutengeneza redio karibu na soko alikuwa anatafuta mtu wa makoti hayo. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye alizaliwa Bukoba na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa mtu mpole, hapandishi sauti. Ila ukishika bisibisi kabla hujaisikiliza redio vizuri, alikunyang'anya hiyo bisibisi akaikalia. Anaikalia kweli, chini ya makalio, anaendelea na kazi zake. Utasimama hapo mpaka umwambie umesikia nini.

"Redio inakwambia inaumwa wapi," alikuwa anasema. "Wewe umekuja na majibu yako kutoka nyumbani."

Hedifoni zililetwa kwetu na bwana mmoja aliyekuwa anashika redio ya mawasiliano melini. Zilikuwa kuukuu, za jeshi, zilizobaki baada ya vita vya pili vya dunia: utepe wa chuma juu ya kichwa, vikombe vyeusi vigumu masikioni, waya uliofumwa kwa nyuzi. Anazivaa safari nzima ya ziwa, na akishuka Bukoba masikio yamevimba. Fundi Shabani akanitazama. "Wewe unashona makoti. Mshonee huyu masikio."

Nikashona. Ngozi ya mbuzi, na ili iwe laini nikaipaka samli, nikaisugua mpaka ikang'aa. Nilijisifu wiki nzima. Meli iliporudi yule bwana aliingia dukani amezishika hedifoni mbali na mwili kama anayebeba panya. "Mama wewe! Sisimizi wa meli yote wamehamia kichwani kwangu! Nahodha ananiita, mimi najipiga makofi!"

Fundi Shabani alicheka mpaka akatoa miwani. Mimi nilikasirika, maana nina hasira za karibu, kila mtu anajua. Nikatupa samli, nikajaribu tena. Mara hii ndani nikajaza nyuzi kavu za mgomba. Sisi huku mgomba ndio kila kitu: tunafungia, tunafunikia, tunaezekea, kwa nini usijaze hedifoni? Bwana wa meli akarudi. "Afadhali kidogo. Ila kila nikitafuna nasikia mtu anatembea shambani."

Ilikuwa kweli. Nilizivaa nikatafuna kipande cha ndizi, nikasikia kabisa mtu anakanyaga majani makavu. Basi nikaenda kwa mama yangu nikachukua kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti inayopondwa hadi inalainika, nikashonea nacho mito midogo ya duara na ndani nikajaza sufi. Lubugo halinati jasho, halipigi kelele, na kadiri unavyolivaa ndivyo linavyokuwa laini. Bwana wa meli hakurudi kulalamika tena. Alirudi na mwenzake.

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho Adela hakukijua mpaka juzi. Ule mto si wa raha tu. Mto ukikaa vizuri kuzunguka sikio bila kuacha upenyo, sauti nzito inarudi. Besi haijapotea kwenye hedifoni zako, inavuja pembeni. Bonyeza vikombe kwa viganja uone, muziki utanenepa papo hapo. Ukiona hivyo usikimbilie dukani, badilisha mito. Na sauti ikiwa kali inakata kama wembe, fungua taratibu, weka kitambaa chepesi mbele ya kile kinachotetemeka. Kitambaa, sio blanketi. Zile za kwetu zilikuwa na kibati chembamba kinachovutwa na sumaku, nasi tulikuwa tunakata duara la karatasi na kukiinua kidogo au kukishusha. Ukikishusha sana sauti inakuwa kubwa, lakini ngoma ikipigwa kibati kinanata kwenye sumaku, unabaki na kimya. Fundi Shabani alikuwa anakata karatasi hizo huku anaimba, akinyamaza ujue imeharibika.

Sasa twende Izigo, kwa baba mkwe.

Mzee Kyaruzi alikuwa mpiga nanga. Kwa ninyi ambao hamjaiona, nanga ni mbao iliyochongwa kama sinia refu, nyuzi zimepita juu yake, mpigaji anaiweka mapajani akaimba habari za mashujaa wa zamani. Watu walikuwa wanatoka mbali, hata Izimbya, kuja kumsikiliza. Tulipopata uhuru, watu wa redio walizunguka mikoani kukusanya nyimbo za kila kabila, nao wakafika Izigo na mashine yao ya kunasa sauti. Wakamnasa. Wakamwambia atatangazwa, wakaondoka. Mzee akangoja. Misimu ya kahawa ikaja ikapita, azimio la ujamaa likatangazwa, ikafika hatua watu wakaanza kumtania kwamba wimbo wake umepotelea njiani, huko Dodoma. Na katika kungoja huko masikio yake yakaanza kufunga. Kwanza hakusikia ndege, kisha hakusikia wajukuu, mwisho ikawa unamwita jina umesimama mbele yake anatazama midomo yako.

Siku moja mume wangu Deo akarudi kutoka Izigo na habari: redio imesema Jumapili ya juma lijalo, alasiri, ni zamu ya Mzee Kyaruzi. Nikapiga vigelegele. Deo hakufurahi. Alikaa kitandani, kofia mkononi.

"Baba ameniambia hivi," akasema. "Maisha yangu yote nimewaimbia watu, mimi nikiwa nyuma ya nyuzi. Nataka nami nikae mbele mara moja, nimsikie huyo Kyaruzi wanayemsema. Akaniuliza, yule mke wako wa masikio ya meli hawezi kunisaidia?"

Lo! Mjue, kwetu mkamwana na baba mkwe ni heshima tupu. Siku zote nilizoolewa pale, nilimsalimia nimepiga magoti mlangoni, macho chini, kwenye zile nyasi zinazotandazwa ndani ya nyumba. Sikuwahi kumpa kitu mkono kwa mkono, naweka chini naye anaokota. Akitaka kuniambia neno anamwambia mama mkwe, "Mwambie huyo," nami nipo pale pale namsikia. Kumgusa? Tena kichwani? Ee, bora nimguse simba. Wangeitwa wazee, ingetakiwa pombe na mbuzi wa kuondoa mkosi, na aibu ingenifuata mpaka Bukoba.

Kesho yake nikamweleza Fundi Shabani. Hakuniuliza habari ya kugusa. Akauliza, "Bado anapiga nanga?"

"Anapiga."

"Kiziwi anapigaje nanga vizuri?"

Nikataka kujibu, nikaona mkono wake unaelekea kwenye bisibisi ili aikalie. Nikafikiri kwanza. Nikakumbuka pale mlangoni, nikiwa chini, nilivyokuwa namwona kwa jicho la pembeni. Zamani nanga ilikaa mapajani. Siku hizi aliisimamisha, akainama, taya lake likagusa mbao.

"Anailalia kwa taya," nikasema.

Fundi Shabani akawasha redio, akanipa bisibisi badala ya kuikalia. "Iume kwa meno, ncha iguse boksi la redio. Ziba masikio." Nikafanya hivyo. Wee! Muziki ukaimba ndani ya fuvu langu! Masikio yameziba na bado nausikia, unapita kwenye meno, unapita kwenye mifupa. Akanionyesha mfupa ule ulio nyuma ya sikio, ule mgumu. "Mlango wa mbele umefungwa," akasema. "Huyu tutampitishia uani."

Kwa hiyo tukachukua hedifoni nyingine kuukuu za pale dukani, tukazibadilisha zote. Mito nikaishona minene upande wa mbele na nyuma nikaiacha wazi, na hapo Fundi akabandika vipande vya mti mgumu vilivyolainishwa kwa msasa, vikae juu ya mfupa. Lakini ili mtikisiko uingie, vile vipande lazima vibane. Vikilegea hakuna kitu. Nilihitaji kipimo cha kichwa.

"Chukua changu," Deo akasema. "Nimefanana na baba."

"Chako kidogo, halafu hakipitishi sauti. Niletee kofia yake."

Akaleta. Kofia nzuri ya kijivu, aliyopewa na padre. Nikaenda sokoni nikachagua boga linaloijaza ile kofia sawasawa, nikalivalisha hedifoni dukani, nikawa napindisha ule utepe wa chuma mpaka ukalikamata barabara. Hizo siku za boga zilikuwa vurugu. Wateja wanaingia wanaliuliza boga hali. Fundi Shabani kila asubuhi analiambia, "Shikamoo, mzee," halafu ananigeukia, "Mkweo haitikii. Masikio bado." Mimi nami nilikuwa nalishika lile boga kwa heshima, wallahi, kama nimesahau ni boga. Nikaligeuza huku na huku mpaka nikaridhika.

Jumapili mvua ilinyesha, basi likakwama njiani, tukafika Izigo tumechelewa. Uwanja ulikuwa umejaa majirani. Wamevaa nguo za kanisani, rubisi, pombe yetu ya ndizi, imeshamiminwa, kahawa za kutafuna zimepitishwa. Redio ipo mezani imevaa koti langu la ngozi. Mzee amekaa kwenye kiti chake, amevua kofia, mikono iko mapajani kama mtoto anayengoja komunyo. Nilipomwona hivyo nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Wakitangaza mara moja, basi. Hakuna kurudia. Na masikio yale hayakuwa na mwaka mwingine.

Mtangazaji akataja Muleba, upande wetu, akataja jina lake. Watu wakashangilia. Deo akachomeka waya, na redio ikanyamaza kimya, maana ukichomeka hedifoni spika inakatika.

"He! Na sisi je?" jirani mmoja akalalamika.

Mama mkwe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, akamgeukia. "Ninyi mmemsikia miaka yote! Leo ni zamu yake. Kunywa unyamaze!"

Deo akamvisha baba yake. Zikateleza. Akazipandisha, zikashuka mpaka mabegani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mlangoni pa nyumba, nikaona kosa langu. Boga lilikuwa kubwa kuliko kichwa! Kumbe mzee ndani ya ile kofia alikuwa anakunja kipande cha kitambaa ili isimwangukie machoni, na mume wangu mwema, kwa kutaka kuniletea kitu safi, alikitoa akakifua.

Deo akazibana kwa mikono. Mzee akatikisa kichwa: nyuki tu, nasikia nyuki. "Nyuma!" nikapiga kelele. "Nyuma ya sikio, kwenye mfupa!" Deo akabonyeza shingo. "Juu! Juu kidogo! Sio hapo, jamani!" Akabonyeza juu mno. Muda ulikuwa unakwenda, ule wimbo unapita ndani ya waya na hakuna hata mtu mmoja pale anayeusikia. Nikamtazama mzee usoni, nikasahau kutazama chini. Midomo yake ilikuwa imeanza kukaza, kama mtu anayejizuia mbele ya wageni.

Nikasimama. Sikufikiri, nisiwadanganye. Nikapita katikati ya watu, nikamsukuma Deo, nikakishika kichwa cha baba mkwe kwa viganja vyangu viwili, nikatafuta ile mifupa kwa vidole kama nilivyoitafuta kwangu mwenyewe dukani, nikabana.

Nyuma yangu nilisikia wanawake wakivuta pumzi kwa pamoja. Mtu akasema, "Yesu na Maria." Nikafumba macho. Nikasema moyoni, nimekwisha, lakini siachii.

Kisha nikahisi kitu mikononi. Mbao zilikuwa zinatikisika, kidogo sana, na chini yake kichwa cha mzee kikaanza kutikisika nazo. Nikafumbua macho. Vidole vyake vilikuwa vinatembea mapajani, vinapiga nyuzi ambazo hazipo. Mdomo ukafunguka. Akaanza kuimba pamoja na yule wa redioni, kwa sauti ya juu ya kiziwi, na ule uwanja wote uliokuwa unanung'unika ukamfuata, wakiitikia pale wanapojua kuitikia. Wao walimsikia yeye, yeye alimsikia mwenzake wa redioni, na mimi niliusikia wimbo ule kwa viganja. Machozi yalikuwa yanamtoka mzee, nami yananitoka, na sina mkono wa kujifuta.

Katikati akakatiza. "Aka! Huyu anaharakisha!" Akacheka mwenyewe, akaendelea.

Ulipokwisha aliinua mkono. Nikaachia. Hapo ndipo nilipokumbuka mimi ni nani, nikarudi mlangoni, nikapiga magoti kwenye nyasi. Mzee akavua hedifoni taratibu, akauliza kwa sauti kubwa, kana kwamba hakuwepo:

"Nani amenishika kichwa?"

Jirani yule yule mlalamishi akakohoa, akamsogelea sikioni, akapaza sauti kwamba ni mkamwana, na kwamba jambo hili, waitu, mzee wetu, litahitaji pombe na mbuzi.

"Mkamwana hashiki kichwa cha baba mkwe," mzee akasema. "Wewe umewahi kuona?"

"Sijawahi kuona."

"Basi hujaona. Aliyenishika ni binti yangu." Akageuza kiti kuelekea kwangu. "Pombe leteni, tutakunywa kwa sababu nyingine."

Mama mkwe akapiga kigelegele cha kupasua paa. Na mzee akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu niingie ile nyumba. Hakusema "mwambie huyo."

"Binti yangu," akaniambia. "Yule mtu wa redioni anaharakisha mwishoni, au ni masikio yangu?"

"Anaharakisha, tata," nikasema, neno letu la baba, na kwa kuwa hasikii nikatikisa kichwa kwa nguvu kukubali. Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote.

Kabla ya msimu wa kahawa uliofuata masikio yake yalifunga moja kwa moja, hata kwa mifupa. Hedifoni zikatundikwa ukutani, hazikuwa na kazi tena. Lakini kila nilipokwenda Izigo, sikuishia mlangoni. Nilikuwa nakwenda mpaka kwenye kiti chake, naye anavua ile kofia ya padre, anainamisha kichwa, namwekea viganja pale pale nyuma ya masikio, tunakaa hivyo kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yetu mpaka alipofariki.

Kwa hiyo leteni hedifoni zenu zinazobana, zinazochoma, zinazovuja besi. Lubugo bado ninalo, na sindano bado naiona nikivaa miwani. Ila mje na vichwa vyenu. Mimi sipimi tena kwa boga.